Injini Isiyogusa Gurudumu

Salma mwanangu,

Salamu nazifupisha, maana uko chumba cha pili na nasikia zipu ya sanduku lako ikigoma. Hali yangu unaijua, na yako naijua: umekasirika, na una haki. Ningeweza kuinuka, nikapita ukumbini, nikabisha hodi. Lakini mimi na wewe tukikaa ana kwa ana tunabishana, na mdomo wangu una tabia ya kufika kabla yangu. Kwenye karatasi angalau naweza kukata mstari.

Sitakuandikia habari za nguo za baridi wala dawa za tumbo wala watu wa kuwapigia simu ukikwama. Mjomba wako Hamisi amekwisha kukujaza hayo mpaka umeanza kumjibu "ndiyo, Mjomba" kabla hajamaliza sentensi. Nakuandikia kwa sababu ya lile la leo baada ya Alasiri, na kwa sababu ya magari.

Desturi ya nyumba hii unaijua. Mtu akiwa na safari ndefu husomewa dua, wanaume barazani, wanawake ukumbini. Kisha, kabla sinia hazijapita, msafiri hupiga magoti mbele ya mzazi wake, humshika mkono, humwomba radhi. Mzazi husema "nimekuridhia", watu wakaitikia amina, wakala. Sijawahi kumwona mzazi akikawia kulisema neno hilo. Hata marehemu bibi yako, aliyemkasirikia Hamisi kwa kuacha shule, alilisema siku Hamisi alipokwenda Dar kutafuta maisha, mimi ningali mtoto, tena alilisema akiwa bado amenuna.

Leo ulipiga magoti. Ulinishika mkono mbele ya wote, ukasema, "Mama, naomba radhi zako."

Nami nikakuambia ukafunge sanduku mapema, umeme usije ukakatika.

Bi Mwanaisha, jirani yetu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu tuhamie mtaa huu wa Bagamoyo, aliacha kutafuna tambuu yake. Wewe ulinibusu mkono, ukainuka, ukaenda kufunga sanduku. Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya.

Baba yako amekupa zake kwa simu kutoka Pangani, haraka haraka, kama mtu aliyeachwa na basi. Mimi niliyekulea nikakunyima. Kesho unakwenda Uchina, nchi ambayo sijui hata jua lake linachomoza tukiwa tunafanya nini, na unakwenda bila neno la mama yako. Hakuna mtu wa pwani asiyejua uzito wa hilo. Kwa hiyo nisikilize. Na kwa kuwa wewe ni fundi, na fundi hataki maneno bila ushahidi, naanza na ushahidi: nitakueleza magari yako yanavyofanya kazi, kama nilivyoyaelewa kutoka kwako. Hujawahi kunisikia nikiyaeleza. Umenisikia nikiyatukana tu.

Tuanze na hili letu lililoko uani. Mjomba wako alilishusha bandarini pamoja na magari mengine aliyoagiza Japani, yaliyokwisha kutumika huko, nalo likakosa mteja. Kila aliyekuja aliona kile kitundu cha kuchajia ubavuni akarudi nyuma kama ameona nyoka. Hamisi akaniletea mimi dada yake nitembelee. Nilimshukuru, na juma lile lile nikaandika makala gazetini kwamba hili ni gari la kinafiki, mguu mmoja kwenye umeme na mwingine kwenye petroli, gari lisilo na msimamo kwa watu wasio na msimamo. Nilisifiwa. Redio ikaniita. Nami nikaenda redioni kulitukana gari hilo nikiwa nimepanda gari hilo hilo, na nikaliendesha kwa petroli tupu mwaka mzima bila kulichomeka ukutani hata siku moja.

Ulikuja likizo kutoka chuoni, ukafungua buti kutafuta spana, ukatoa waya wa kuchajia ungali ndani ya nailoni yake. Ukaniuliza kama sijawahi kulichaji. Nikakujibu kwamba siwalishi wanafiki. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye changarawe, na ulipopata pumzi ukaniambia kwamba muda wote huo nimekuwa nikibeba betri kubwa kama gunia la mchanga, na nimechoma petroli nyingi kuliko mtu mwenye gari la kawaida. Nilinuna. Kisha nikakupa sharti: kama unalijua gari hili, nieleze kwa Kiswahili kitupu, maana asiyeweza kulieleza jambo kwa lugha ya mama yake amelikariri tu. Nilidhani nimekunasa. Ukavuta kigoda ukanieleza.

Ndani yake, ulisema, mna wasukumaji wawili. Mmoja ni injini ya petroli. Wa pili ni mota ya umeme, inayokula kutoka kwenye betri iliyolala chini ya sakafu, na betri hiyo inajazwa kwa soketi ya nyumbani, ile ile ya pasi. Wote wawili wana njia ya kufika kwenye magurudumu. Betri ikiwa imejaa, mota hufanya kazi peke yake na injini inalala. Ndiyo maana tukienda Kaole kununua samaki hatusikii kitu ila tairi kwenye kokoto. Betri ikishuka haiachwi iishe kabisa: gari hujiwekea akiba, linaamsha injini, na tangu hapo wawili hao hupokezana. Wakati wa kuondoka mota inatangulia, kwa sababu mota ina nguvu zake zote tangu gurudumu lingali limesimama, wakati injini mpaka ichangamke kwanza. Ukishika mwendo barabara kuu, klachi inafunga na injini inayashika magurudumu moja kwa moja, kwa sababu kwenye mwendo wa namna ile ndiko inakokula kidogo na kufanya kazi sana. Kwenye kilima wanasukuma pamoja. Na ukinyanyua mguu, mota hugeuka jenereta: sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na umeme unarudi betrini badala ya kupotea kuwa joto la breki.

Hilo la mwisho ndilo lililonikamata. Nilikuuliza kama unataka kuniambia kwamba kila nikipunguza mwendo napata kitu. Ukasema ndiyo, kidogo. Na ukaniambia hasara yake pia, kwamba breki za chuma zisipokanyagwa, chumvi ya hewa yetu huzila, na nizikanyage kwa nguvu siku moja moja mahali pasipo na watu ili zijisugue kutu. Nilikuheshimu kwa kunitajia hasara. Watu wanaoniuzia mambo hawanitajii.

Basi nikaamini. Na hapo, Salma, ndipo pabaya kwangu. Kulitukana gari hakukunidhuru kama kuliamini. Mimi sijui kuamini kwa kiasi. Mtu yule yule aliyeapa kutolichomeka, aliapa sasa kutolinunulia petroli tena. Nilichaji kila jioni, nikaenda sokoni, mskitini, Kaole, Mapinga, kwa umeme tu, na kila mtu niliyempita nilimhubiria dirishani. Gari lilikuwa linajiwashia injini lenyewe mara moja moja, ili mafuta ya kulainisha yazunguke na petroli isichakae tankini, nami nikaliona linanisaliti. Taa ya njano ya mafuta ilipowaka, nikaibandika plasta ya kidonda. Ulipiga simu kutoka chuoni ukanisihi nijaze hata nusu tanki. Nikaandika makala kuhusu vijana wanaoogopa kukata kamba ya zamani.

Halafu simu ikaja kutoka Miono kwamba Mama Mkubwa Tatu amefariki.

Ulikuwa nyumbani siku hiyo. Nakukumbusha kwa sababu kuna kitu hukukijua. Unajua alikuwa dada wa mama yangu, na kwamba mama alipokufa ndiye aliyenilea, kule Miono, kwenye mihogo na mananasi yake, mpaka nilipoolewa. Lakini hujui alikuwa nani kwangu kwenye maneno. Alikuwa mtu pekee aliyekuwa akiniambia "hapo umekosea" nikasikia. Alikuwa hajui kusoma. Makala zangu alisomewa na majirani, kisha ananipigia simu kunieleza wapi nimemwonea mtu. Nilikuwa nampigia kelele kwenye simu, na kesho yake nabadilisha maneno.

Maziko yalikuwa baada ya Adhuhuri. Ulitaka tupite kituo cha mafuta. Nikakuambia betri imejaa, na maiti haingoji petroli. Umeme ukatupitisha daraja la Ruvu na mbali kidogo zaidi, kisha injini ikaamka na kutufikisha Msata, na baada ya Msata, tukiwa tumeshika barabara kuu ya kaskazini na malori yanatupita kwa upepo, ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Wewe uliyekuwa kwenye usukani ukalielekeza gari pembeni. Nikanyoosha mkono, nikaanza kubonyeza kitufe cha kuwashia. Nilikibonyeza kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua.

Ulinishika kifundo cha mkono. "Mama, acha. Akiba iliyobaki ndiyo itakayoiamsha injini mafuta yakija. Ukiimaliza hapa, hata tukipata petroli hatuondoki."

Nikakuambia kwamba ungekuwa na akili ungenikumbusha kujaza.

"Nilikukumbusha," ukasema. "Ukaniandikia makala."

Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unaangalia malori.

Mwendesha bodaboda aliyekubali kutufuatia petroli Msata alirudi na chupa mbili za maji zimejaa, akawa anamimina kwa karatasi aliyoikunja kuwa faneli. Alilizunguka gari, akakiona kitundu cha kuchajia.

"Kwani hili si la umeme, dada?"

"Ni la vyote viwili, kaka," ukamjibu.

"Sasa limewezaje kukosa vyote?"

Mimi niliyewahi kujibizana na wakubwa redioni mpaka mtangazaji akazima kipaza sauti, nilifungua pochi nikamhesabia pesa zake. Alituonea huruma akaondoka.

Tulipoiacha lami na kuikaribia Miono, tulikutana na wanaume wanarudi makaburini kwa miguu, kanzu zimeshika vumbi jekundu. Walisimama pembeni kutupisha. Wanawake wa kwetu hatufuati jeneza. Sisi tunamuaga mtu nyumbani, kabla hajainuliwa. Walimsubirisha kwa ajili yangu mpaka waliposhindwa kusubiri. Niliingia chumbani nikakuta kitanda chake cha kamba kimekwisha kutolewa nje na kuegemezwa ukutani.

Sijakuandikia haya ili unionee huruma. Ulikuwepo, uliniona nimekaa jikoni kwake na kanga kichwani. Kitu usichokijua ni hiki: tulipokuwa tunamsubiri yule wa bodaboda, ulichuchumaa kando ya lami, ukaokota kijiti, ukachora magari mawili kwenye vumbi, ukaniambia, ili kunipitishia muda, kwamba lipo la namna nyingine, na ndilo unalotaka kwenda kulisomea. Nilikupa mgongo. Ukadhani sitazami. Nilitazama, Salma. Na huu ndio ushahidi wangu wa pili.

Gari la kwanza ulilochora lilikuwa letu, na mistari miwili imetoka kwenye injini na mota ikakutana kwenye magurudumu. La pili lilikuwa na mstari mmoja tu. Magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme peke yake, siku zote, mwendo wowote. Injini ya petroli imo, lakini haina chuma chochote kinachoifikisha kwenye gurudumu. Imefungwa kwenye jenereta, basi. Mtu anachaji nyumbani, anakwenda kwa betri, na betri hiyo ni kubwa kuliko yetu. Ikishuka, injini inawaka, inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota, na unaozidi unaingia betrini. Kwa kuwa injini haikufungwa kwenye magurudumu, hailazimiki kupanda na kushuka kila mguu wa dereva unapopanda na kushuka. Inazunguka kwa kasi inayoifaa yenyewe, na betri ndiyo inayopokea fujo za barabara.

Na hapo pia ulitaja hasara, bila kuulizwa, ukizungumza na vumbi. Kwamba safari ndefu ya barabara kuu inalionea gari la pili, maana petroli inageuzwa umeme, umeme unageuzwa mwendo, na kila mgeuzo unadondosha kidogo njiani. Pale gari letu lenye klachi linalishinda. Kwamba mlima mrefu ukilikuta na betri imeshuka, jenereta yake ndogo huenda isitoe yote ambayo mota inataka, gari likalegea, na dereva mwerevu huliamuru litunze chaji kabla ya kuufikia mlima. Kwamba ni zito, na lina mambo mengi ya kuharibika. Lakini mtu wa Lugoba au Miono, ulisema, mwenye soketi moja ukutani na asiye na kituo cha kuchajia cha haraka mpaka Dar, anaweza kuishi siku zake zote kwa umeme, na siku ya safari ya Tanga asiogope. Ulisema: gari hili limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekaa mbali.

Nisahihishe nilipokosea. Naamini sikukosea pakubwa.

Sasa utaniuliza, kama niliyaelewa hayo yote kando ya lami, kwa nini baada ya miezi kadhaa, juma ulilopata barua ya kukubaliwa Uchina, niliandika ile makala ya gari lenye mimba ya kituo cha mafuta. Marafiki zako walikutumia kwenye simu na vicheko. Ulitoka ukaenda kumsaidia Hamisi bandarini, ukarudi usiku ukasema umekwisha kula.

Hoja zangu nilikuwa nazo na bado ninazo, usidhani nazikana kwa sababu ya machozi ya kuagana. Nchi inayosubiri kupokea kila chombo ambacho wengine wamekichoka haiwezi kujisifu kwamba inapiga hatua. Betri hizi zikifa hakuna aliyeniambia zitazikwa wapi, na nina wasiwasi zitazikwa kwetu, kwenye mashimo ya mchanga nyuma ya nyumba za watu. Na bado naona ni kichekesho kumwuzia mtu gari la kuchaji wakati kwenye mtaa wake umeme unakuja kama mgeni. Hayo yajibu ukiwa huko. Usiniletee majibu ya kampuni.

Lakini sikuiandika makala ile kwa ajili ya hoja hizo. Ningeweza kuziandika kabla au baada. Niliiandika juma lile. Nilikuwa sigombani na gari. Nilikuwa nagombana na ndege.

Na leo ukumbini ni vivyo hivyo. Ulipoomba radhi, mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba nikitamka neno lile, jambo limekamilika, hakuna tena kinachokuzuia. Kama mtoto aliyeficha kiatu cha mgeni ili mgeni asiondoke. Mwanamke wa umri wangu, aliyesoma vitabu vyote vile vilivyorundikana kwenye ngazi mpaka tunapita upande upande.

Najua unasubiri sasa nigeuze mambo haya kuwa fumbo: mama ni injini, binti ni gurudumu, na kadhalika. Nilikwisha kuiandika sentensi hiyo. Ilikuwa nzuri sana. Nimeikata. Huo ndio ugonjwa wangu, na ukitaka kuchukua chochote kutoka kwangu zaidi ya kile kitabu cha dua nilichokutilia sandukuni, chukua habari za ugonjwa huo. Kitu kikinijia, nakigeuza mfano kabla sijakijua. Gari likawa unafiki kabla sijafungua boneti. Baba yako nikamfanya mfano wa ukimya wa wanaume wote, nikaandika mfululizo mzima wa makala, na mpaka alipopanda basi la Pangani sikuwa nimemwuliza mbona na watu wengine anazungumza. Na wewe, wewe uliyenifulia nilipovunjika mkono, nimekufanya kizazi kinachokimbia nchi yake. Wasomaji walipiga makofi. Wasomaji hawakai na mimi mezani.

Kuwa na msimamo nilidhani ni kutobadilika. Nimewaponda watu wengi kwa kusimama katikati, na sasa naona wengi wao walikuwa wanasimama pale ili wasimwangushe mtu waliyembeba. Sikwambii usigombane. Gombana, una ulimi wangu, ungekuwa hasara ukiutupa. Lakini kabla hujagombana na mtu mwambie akuelezee anavyofanya kazi, kama ulivyonieleza gari, pamoja na hasara zake, na umwache amalize. Mimi mtu niliyemwacha amalize ni mmoja tu maishani, naye yuko chini ya udongo wa Miono, na sikufika.

Utakapokuwa umeondoka nitakuwa na nani wa kuniambia nimekosea? Hamisi ananiogopa. Bi Mwanaisha anakubaliana na mimi kisha anakwenda kusema mengine kwa wenzake. Wanaonisoma wananipenda au wananichukia, na vyote viwili ni sawa na kuachwa peke yako. Baada ya Mama Mkubwa ulibaki wewe, na ile siku ya lami uliponiambia nilikuandikia makala, nilikukasirikia na nikashusha pumzi kwa wakati mmoja, kwamba kumbe bado yupo wa kuniambia. Hilo sikulisema. Nalisema sasa. Nyumba hii ina vyumba vingi kuliko watu tangu muda mrefu, lakini nilikuwa sijaisikia milango yake mpaka jioni ya leo nilipoanza kuisikiliza kwa zoezi la kesho.

Nimemwambia Hamisi asije asubuhi. Nitakupeleka mwenyewe. Jioni, ulipodhani nimekwenda kwa Bi Mwanaisha kumalizia hasira, nilikuwa kituo cha mafuta, nimejaza mpaka ikabubujika. Gari liko uani linachaji. Toka nje ukague, najua hutaniamini. Umeme utatufikisha Bunju au mbele yake, tukikuta foleni utatufikisha mbali zaidi, maana utakuwa unatukusanyia kila tukisimama. Kisha injini itaamka, nami sitasema neno baya juu yake. Nikitoka uwanja wa ndege betri itakuwa imebaki na akiba yake tu, na petroli ndiyo itakayonirudisha Bagamoyo, peke yangu kwenye kiti cha mbele. Hilo nimelipangia. Ni jambo la kwanza maishani mwangu ambalo nimelipangia pande zote mbili.

Barua hii nitaisukuma chini ya mlango wako sasa hivi. Usinijibu leo. Ukiisoma, lala. Alfajiri, baada ya swala, njoo ukumbini upige magoti tena. Nitakuwa nimekwisha kumwita Bi Mwanaisha, maana alishuhudia nilivyonyamaza na ni haki yake kushuhudia nilivyosema, asije akanitangaza nusu. Lakini mdomo wangu siuamini, kwa hiyo nakuandikia kwanza hapa, ambapo hauwezi kuponyoka ukasema habari za sanduku.

Nimekuridhia, Salma. Nimekuridhia kwenda. Nimekuridhia kusoma ulichokichagua na kunishinda kwa hicho. Nimekuridhia kukaa huko muda utakaokufaa wewe, si muda utakaonifaa mimi. Na kama siku moja utaona maisha yako yako huko, na ukashika simu ukakosa namna ya kuniambia, usihangaike kutafuta maneno. Hata hilo nimekuridhia, kuanzia leo, nikiwa na akili zangu timamu na bila mtu yeyote kunilazimisha.

Mimi mama yako, niliye chumba cha pili.